Minyororo ya Susu

Hebu nikuulize, wewe unayenisikiliza: ukiambiwa uhesabu siku kumi za msiba, kidole cha kwanza unakikunja siku gani? Siku mtu alipofariki, siku ulipoletewa habari, au siku moyo wako ulipokubali? Usikimbilie kujibu. Yuko mwanamke mmoja aliyekimbilia. Alijibu akiwa amesimama nje ya mlango wa hekalu, miguu haijagusa kizingiti, na jibu lile likamfuata mpaka nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mama wa mtoto mmoja tu wa kiume aliyekuja kuwa fundi saa. Waliishi nyumba ya vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha kazi: upande wa dirisha cherehani ya mama, upande wa mlango meza ya mwana, yenye kisanduku cha kioo ambamo saa zilizofunguliwa zililala matumbo wazi. Wateja walikuwa na mzaha wao, kwamba ukiingia mle unapimwa kiuno na unapimwa muda, na vyote viwili utaambiwa vimekwenda mbio. Vyumba vya nyuma vilikuwa kimoja cha mama na kimoja cha mwana na mkewe, na jiko katikati, lenye rafu ya ibada ukutani na taa ndogo ya samli.

Mtaani hawakumwita fundi. Walimwita Mama Susu, kwa ajili ya kitu alichokiweka juu ya kabati lake mwaka mzima, kimefungwa ndani ya shuka kuukuu. Lilikuwa susu, kile kitanda kidogo cha kuning'inia cha kubembelezea mtoto mchanga. Lilikuwa la mti mwekundu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na minyororo minne ya shaba. Mwenye kulilalia hakuwa binadamu. Alikuwa Rama, mungu wa hekalu lao, katika sanamu ya shaba inayomwonyesha akiwa mtoto, si ndefu kuliko kidole gumba. Marehemu mumewe alikuwa akisema nyumba hii ina kitanda kimoja tu kizuri, na anayekilalia hafiki hata shibiri.

Kila mwaka hekalu lilifanya ibada siku tisa mfululizo, na siku ya tisa, saa sita mchana kamili, ndipo Rama huzaliwa. Mama Susu alikuwa amemweleza mkwewe maana yake tangu wiki ile ya kwanza ya harusi, wakichambua mchele. Alimwambia palikuwa na mfalme mwenye kila kitu, magari ya farasi, ghala zilizojaa, wake watatu, lakini hakuna wa kumwita baba. Akawasha moto wa sadaka, na ndani ya moto akapewa bakuli la maziwa matamu agawie wake zake. Mke mkubwa akajifungua adhuhuri, jua likiwa utosini na kila mtu amekanyaga kivuli chake. Kwa nini adhuhuri? Ili asiwepo wa kusema hakuona.

Ndiyo maana siku hiyo watu hufunga tangu alfajiri, na pazia la hekalu hufungwa, kama mlango wa chumba cha mzazi. Saa sita ikigonga, pazia hufunguliwa, kombe la bahari hupulizwa, kengele zinalia. Sanamu huogeshwa kwa maziwa, mtindi, asali, sukari na samli, ikafutwa, ikavishwa nguo mpya, ikawekewa majani ya mrehani na kulazwa katika susu. Kisha wanawake hushika kamba iliyofungwa kwenye susu na kumbembeleza kwa nyimbo za kulaza watoto. Wa kwanza kuvuta kamba ni mwanamke anayetafuta mtoto. Anavuta mara moja, anaomba moyoni, halafu anawapisha wengine.

Mama Susu aliiamini kamba ile kuliko alivyoamini dawa ya daktari. Yeye mwenyewe alikaa miaka mitano bila mimba, mawifi wakimwita chungu kisichoshika maji, mpaka mama mkwe wake alipompa kamba. Mwaka uliofuata alikuwa na fundi saa mgongoni. Mama mkwe alipokufa alimwachia susu na neno moja: aliyepewa arudi kushukuru, na aliyenyang'anywa arudi haraka zaidi, maana nafasi ikikupita mwaka mmoja inazoea kukupita.

Mkwewe alikuwa amekaa miaka minne bila mimba. Alikuwa binti mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kuzungumza akiwa ameegemea mwimo wa mlango, kana kwamba anaomba ruhusa hata ya kusimama. Mwaka uliopita alivuta kamba wa kwanza. Miezi minne baadaye akaanza kuchukia harufu ya vitunguu, na Mama Susu akapanda kitandani kuangalia kalenda. Kutoka kitambaa kimoja cha hariri ya manjano alikata vitu viwili: nguo ya mungu, upana wa vidole vinne, na kofia ya mjukuu. Kofia aliiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.

Sasa sikiliza habari ya Jumanne.

Ibada za siku tisa zilikuwa zianze Alhamisi, na susu lilitakiwa liwe limetundikwa hekaluni Jumatano jioni. Kwa hiyo Jumanne asubuhi Mama Susu alikuwa amekaa sakafuni jikoni, miguu kaitandaza, beseni mbele yake, anasugua minyororo kwa ndimu na majivu. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Aliisugua pete moja moja, kwa kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa kitambaa, mpaka ndani ya kila tundu pang'ae. Mnyororo mmoja ulimla saa tatu.

Mkwewe akaja akasimama mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo la miezi minane. Alisema mtoto hachezi tangu jana jioni.

Mama Susu alitabasamu bila kuinua macho. Alimwambia mtoto amelala, wanaume wa nyumba hii wote wavivu, hata baba yake, yeye Mama Susu alimngoja wiki mbili nzima na bado alitoka anapiga miayo. Binti alicheka kidogo kwa adabu. Akaambiwa anywe maji ya sukari, alale ubavu wa kushoto, asikilize. Alipogeuka, Mama Susu aliona amevaa viatu vyake vya kutokea, vile vya kamba. Akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba viatu haviingii jikoni.

Alasiri alirudi. Minyororo miwili ilikuwa imekwisha, wa tatu uko mkononi. Mama Susu, kwa kuwa viganja vilijaa majivu, aligusa tumbo lile kwa kifundo cha mkono. Akasema mbona yupo, tumbo gumu namna hii. Akaendelea na pete yake.

Jumatano alimaliza mnyororo wa nne na kupeleka susu hekaluni, akakaa huko mpaka jua linatua, maana kulitundika bila kupinda kunataka macho ya watu wengi, na kila mwenye macho ana maoni. Aliporudi aliambiwa mkwe amelala. Alishukuru, akasema usingizi ni dawa.

Alhamisi asubuhi fundi saa mwenyewe ndiye aliyempeleka mkewe hospitali, na mama yake akawafuata na chupa ya chai. Muuguzi alipitisha kile kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo, akakipitisha tena, akakirudisha pale pale, akaenda kumwita daktari. Daktari alisikiliza kidogo tu. Kisha akachukua karatasi laini, akaanza kulifuta tumbo la yule binti taratibu, taratibu mno, kama mtu anayefuta kioo kilichopasuka. Hapo Mama Susu akajua.

Mtoto alitolewa saa tisa alasiri. Wa kiume. Muuguzi aliuliza kama mama angependa kumshika, na kabla binti hajafungua mdomo, Mama Susu alijibu kwamba hapana, asimwone, atakuja kumwota. Fundi saa alipokea kitambaa cheupe, akaenda na wanaume wawili wa hekalu. Kwa desturi yao mtoto mdogo hachomwi moto kama wakubwa, hurudishwa udongoni. Na hakuwa na jina, kwa kuwa jina hutolewa siku ya kumi na mbili, mtoto akinong'onezwa sikioni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika nyumba ile mjukuu hakuja, majuto yakaja peke yake.

Kifo kikiingia nyumbani, kwa desturi yao, nyumba nzima huwa najisi. Mahali pengine mama mzazi hungoja siku arobaini, lakini hekalu lao lilihesabu kumi kwa nyumba yote, pale mtoto asipoishi. Siku kumi hamwashi taa ya ibada, hamgusi sanamu, hamvuki kizingiti cha hekalu. Siku zikiisha mnaoga, mnafua kila kitambaa, mnarudi kwa watu. Mama Susu alifunika rafu kwa kitambaa, akazima taa, akakaa kwenye cherehani bila kushona.

Jumapili alikuja mke wa mwuza mbao. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti waliyosema inapasua kuliko msumeno wa mumewe, na kwa miaka mingi alikuwa akilitamani susu, kwa sababu naye alikuwa na binti aliyeolewa bila mtoto. Hakuingia. Alisimama barabarani, mbali na mlango, akatoa pole. Pole yake ilikuwa ya kweli, machozi yalimtoka. Halafu akasema kuhusu nguo ya Rama wasihangaike, mwaka huu wameshashonesha kwingine, na binti yake ndiye atakayetangulia kwenye kamba. Akamwambia fundi cherehani apumzike.

Mama Susu aliingia ndani akahesabu kwa vidole. Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu. Alipofika Ijumaa ya sikukuu, kidole kilichobaki wima kilikuwa kimoja. Sikukuu ilikuwa siku ya tisa. Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Alirudia kuanzia mkono wa kushoto, kana kwamba mkono mwingine ungekuwa na huruma. Siku moja tu. Na neno la mama mkwe wake likaanza kumpiga kichwani kama nyundo ya fundi viatu: aliyenyang'anywa arudi haraka. Mkwe asipovuta kamba mwaka huu, alivyoamini yeye, nyumba ile ingebaki na saa za watu wengine tu za kuitia kelele.

Jioni ile alimpelekea mkwe uji chumbani. Binti alikuwa amelala akitazama ukuta, kifua kimefungwa kwa kitambaa kilichokazwa, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamekuja. Maziwa hayaulizi habari. Yalikuja siku ya tatu, mengi, na yeye akayafunga kwa kanga ya pamba, asubuhi na jioni, bila kulalamika.

Siku zote zile alikuwa hajauliza kitu. Jioni ile aliuliza. Alitaka kujua yule mfalme wa kwenye kisa alikufaje.

Mama Susu hakupenda kulisema, si habari ya wiki ya kuzaliwa. Lakini mgonjwa akiomba maji humwambii kisima kiko mbali. Akamsimulia kwamba mfalme, ujanani, alijisifu kuwa anaweza kulenga mshale kwa kusikia tu, bila kuona. Siku moja mtoni akasikia mlio kama wa tembo anakunywa, akaachia mshale. Kumbe ni kijana anayejaza mtungi kwa ajili ya wazazi wake vipofu. Wazee wale wakamwambia naye atakufa akimlilia mwana. Ikawa hivyo. Rama alipokua, mfalme alibanwa na ahadi aliyompa mmoja wa wake zake akampeleka msituni, kisha akafa kwa kumlilia.

Binti aligeuka kutoka ukutani. Akasema, kwa hiyo mfalme alisikia, ila alisikia anavyotaka.

Mama Susu alikubali kwamba ndivyo. Akamwekea uji karibu na mkono, akatoka, na akili yake ilikuwa kwenye vidole.

Jumatatu asubuhi alikata shauri, akaenda hekaluni. Lilikuwa ukumbi wa juu, wenye ngazi ya nje ya simenti iliyolika katikati, na chini yake duka la rangi, kwa hiyo ukipanda unasikia ubani na mafuta ya taa kwa pamoja. Alipanda mpaka kizingiti akasimama. Kuhani alitoka akipenga kamasi. Alikuwa mzee mwembamba, mwema, mwenye mafua yasiyopona, na watoto walisema katika hekalu lile miungu huamshwa kwa chafya. Ndani, nyuma ya bega la kuhani, Mama Susu aliliona susu lake. Minyororo iling'aa kama maji.

Alimweleza kwamba anaomba ahesabiwe siku zake. Kuhani alimuuliza, bila ubaya wowote, "Mtoto alifariki lini, mama?"

Hakupepesa macho. "Jumanne," alisema.

Kuhani alikunja uso, akasema yeye alisikia ni Alhamisi. Mama Susu akajibu kwamba Alhamisi ndipo alipotolewa. Kufa alikufa Jumanne asubuhi, au hata Jumatatu jioni. Mama yake alijua. Mama yake alisema siku ile ile kwamba mtoto hachezi.

Kuhani aliwaza, akapiga chafya mbili. Akasema basi, kwa kuwa siku ya kufa inajulikana na mama mwenyewe ni shahidi, wataanza Jumanne. Akahesabu kwa pingili za vidole, akafika kumi siku ya Alhamisi. Waoge Alhamisi, Ijumaa waje.

Mama Susu alishuka ngazi mwepesi kama msichana. Alishuka mbili, tatu, na kwenye ngazi ya nne neno lake mwenyewe likamfikia. Mama yake alijua. Alisema siku ile ile. Alijishika ukutani, rangi mbichi ya mwenye duka ikamkamata kiganjani, nyeupe. Akaviona vile viatu vya kamba mlangoni mwa jikoni, wazi kama vimewekwa mbele yake. Mtu havai viatu vya kutokea kwenda kuomba maji ya sukari.

Angeweza kurudi juu akasema nimekosea. Ngazi zilikuwa nne tu. Lakini alifikiri kamba, na binti wa mwuza mbao, na kalenda tupu ya mwaka mzima. Akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kunawa rangi.

Alipotangaza kwamba wataoga Alhamisi, fundi saa alikuwa na kioo chake jichoni, ameinamia saa ya mtu. Alisema, bila kuinuka, "Mama, Alhamisi ni siku ya nane."

Mama alijibu kwamba kuhani amehesabu.

"Ameanzia lini?"

Akamwambia mambo ya kuhani aachiwe kuhani. Mwana alibaki ameinama. Mtu ambaye maisha yake yote ni kurudisha mishale ya saa mahali pake hawezi kukosa kuona mshale uliosogezwa. Aliona. Lakini alikuwa mtoto wa pekee wa mjane, na midomo ya watoto wa namna hiyo ni mizito mbele ya mama. Aliishika koleo ndogo, akaliweka gurudumu mahali pake.

Mkwe aliambiwa tu kwamba mambo yamekubaliwa. Alhamisi alioga, akafua, akaanika. Aliitikia kila jambo kwa "ndiyo, mama", na Mama Susu akajiambia kuwa ni dalili njema.

Ijumaa ukumbi ulijaa tangu saa nne. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wote matumbo matupu. Kisa cha mfalme kilisomwa kwa zamu, sauti ya mmoja ikichoka anapokea mwenzake. Mbele, pazia jekundu limefungwa. Fundi saa alisimama kando ya saa ya ukutani, kama kila mwaka, kwa kuwa ndiye anayepewa kazi ya kutoa ishara adhuhuri ikitimia. Alikuwa amekonda.

Mama Susu alimkabidhi kuhani nguo ya manjano, imefuliwa na kunyooshwa. Hapo mke wa mwuza mbao, aliyekuwa na nguo yake nyekundu kwenye kikaratasi, akawa hana pa kuiweka. Alikaa nayo mapajani. Dakika zikapita, njaa ikamuuma, na uchungu ukamuuma zaidi, akamgeukia jirani yake kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona.

"Kuna nyumba zina kalenda yao peke yao," alisema. "Mtoto kazikwa Alhamisi, siku kumi zimekwisha Alhamisi. Na hapo ndani wana fundi saa."

Wengine waliguna, mmoja akacheka kwa pua. Kuhani, ambaye hakupenda ugomvi siku ya kuzaliwa, alitoka kando ya pazia ili atulize watu. Alisema hesabu ni yake na ni halali. Mtoto alitolewa Alhamisi, lakini alifariki Jumanne, mama wa mtoto alijua na kusema siku hiyo hiyo, na bibi wa mtoto ndiye aliyethibitisha hayo, hapa mlangoni, kwa kinywa chake. Basi watu watulie, muda umekaribia.

Alikusudia wema. Watu walitulia kweli.

Mkwe alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono mapajani. Mama Susu hakutaka kumtazama, lakini shingo ya mtu ina mambo yake. Alimtazama. Binti hakulia wala hakukunja uso. Alikuwa amemgeukia mama mkwe wake na kumwangalia kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, mstari kwa mstari, akirudia pale ambapo mwandiko haueleweki. Midomo yake ilitamka neno bila sauti. Mama Susu alilisoma. Jumanne.

Fundi saa akainua mkono.

Pazia likafunguka, kombe likalia mpaka vioo vya dirisha vikatikisika, kengele zikapigwa zote kwa pamoja, na jua la utosini likaingia kwa tundu la paa na kumwangukia yule mtoto wa shaba. Kuhani alimwogesha kwa maziwa. Maziwa yalitiririka meupe katika sinia, halafu mtindi, asali, sukari, samli, halafu maji safi. Akamfuta, akamvisha manjano, akamlaza. Wanawake wakaanza wimbo wa kulaza, ule wanaouimba kwa watoto wao wenyewe, wa taratibu, unaokwenda na kurudi.

Maziwa ya mama aliyefiwa yalisikia wimbo ule. Kwanza doa moja upande wa kushoto wa blauzi, kisha la pili, yakapanuka mpaka yakakutana. Wanawake wa karibu waliona, wakateremsha macho wakaendelea kuimba.

Kuhani alimwita. Binti aliinuka, akapita katikati yao, akaishika kamba. Ilikuwa ya pamba nyeupe iliyosukwa na maua, na upande wa pili minyororo ya Mama Susu iling'aa, kila pete, mpaka ndani ya tundu.

Hakuvuta.

Wimbo uliendelea ubeti mmoja, ukaendelea nusu ya mwingine. Sauti zikapungua moja baada ya moja, mpaka akabaki bibi mmoja kiziwi akiimba peke yake, naye akaguswa goti akanyamaza. Kando ya saa, fundi saa alikuwa bado ameinua mkono, amesahau kuushusha.

Mama Susu alisogea kwa magoti mpaka karibu na upindo wa nguo ya mkwewe. "Vuta, mwanangu," alimwambia. "Omba. Sema unachotaka, anakusikia."

Binti alimwangalia mtoto wa shaba, akaiachia kamba polepole ili susu lisitikisike. Kisha akamgeukia mama mkwe wake, akasema kwa sauti ile ile ya kuegemea mwimo wa mlango, isiyo kubwa, isiyo ya kugombana:

"Siku ile nilikuwa nimeshavaa viatu, mama. Nilitaka uiache minyororo, twende hospitali."